Mwalimu Philura Tenney Hatahamishwa Tena

Ijumaa hii, tarehe 23 Juni 1871, Mwalimu Philura Tenney anastaafu baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na minne hapa Ashby Mills, Vermont. Wengi tuliokusanyika leo tulijifunza kusoma kwake, na baadhi yetu tulirudi kufundisha pamoja naye.

Alipofika, mwalimu hakuwa na kwake. Alilala kwa wazazi wa wanafunzi, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Kila familia ilingoja wiki yake ndipo ichinje nguruwe, ili mgeni ale nyama safi ambayo haijahifadhiwa kwa chumvi, na kila moja ilidhani imefikiria hivyo peke yake. Basi Mwalimu alikula nguruwe tangu Novemba hadi theluji ilipoyeyuka, na kwenye kila meza akasema, “Jamani, mmejisumbua bure!” Marehemu mzee Crane alijigamba maisha yake yote kwamba ni kwake tu Mwalimu alikoshiba.

Kitabu chake cha mimea ya vilimani, ambacho sasa kinasomwa hata nje ya jimbo letu, alikiandika jikoni mwa watu huku watoto wakimvuta sketi. Ukurasa wa maua ya urujuani ulimwagiwa maziwa, akauandika upya. Alisema wa pili ulitoka vizuri zaidi.

Shule yetu ya wasichana ilipofunguliwa, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza. Mjumbe mmoja wa bodi alimuuliza mbele ya watu, “Bibi, jiometri itamsaidia nini msichana anayekanda mkate?”

“Itamsaidia kuukata sawasawa, bwana, ili ninyi wanaume msigombane mezani.”

Jiometri ikabaki.

Nyumba ya mkuu wa shule hufuata cheo, na mkuu mpya anakuja Agosti, hivyo Mwalimu hana budi kuhama. Wanafunzi wa zamani walikutana baada ya ibada, wakaamua kumkaribisha Mwalimu kwa zamu, mwezi mmoja kila nyumba.

“Aanzie kwangu, nina jiko jipya!” alisema Keziah Crane.

“Jiko lenyewe linafuka moshi, Keziah. Mwache Mwalimu apumue!” mwingine akadakia.

Walimgombea kwa mapenzi, ila hakuna aliyekumbuka kumuuliza mwenyewe. Mwalimu alicheka nao, kisha akasema polepole, “Asanteni, wanangu. Lakini nimechoka kufungasha. Nataka kulala mahali ambapo hakuna atakayekuja kunihamisha.”



Nyumbani kwetu kuna chumba cha binti yetu Lovina, aliyefariki kwa homa mwezi Februari. Mume wangu na mimi tulikuwa hatujaweza kukifungua. Tulimwomba Mwalimu aje akione, akae humo moja kwa moja. Alisimama mlangoni kitambo, nasi tukaogopa atakataa, kwa kuwa Lovina alikuwa mwanafunzi wake, na Mwalimu alimlilia sana. Kisha akauliza, “Alikuwa analala upande gani wa kitanda?”

Nikamwonyesha, upande wa dirisha.

“Basi mimi nitachukua huu wa ukutani.”

Mwalimu, tunakushukuru kwa yote uliyotufundisha, pamoja na yale usiyojua kwamba tuliyajifunza kwako. Mizigo yako inaletwa kesho. Pumzika, uamke saa utakayo, na Mungu akujalie miaka mingi yenye afya katika nyumba yetu, ambayo sasa ni yako.