Jibril Roba, Aliyegawa Kisichopungua

Tarehe 30 Juni 1999 Bwana Jibril Roba anastaafu, baada ya kukitumikia Kituo cha Mitetemo cha Garsen kwa miaka thelathini na miwili. Kwa utumishi huo ofisi imemtunuku barua tatu za onyo. Nazikumbuka vizuri kwa sababu nilizipiga taipu mimi mwenyewe, Hibo, karani wa kituo, na nadhani ndiyo maana nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu wa kusomwa katika hafla ya kumuaga.

Aliajiriwa mwaka 1967 kubadilisha karatasi za mtambo unaoandika mitikisiko ya ardhi. Hakuwa na cheti, na ofisi haikumwacha asahau. Kwa hiyo mwaka 1995 mkuu wetu, Bwana Gershom Nzai, aliporipoti Nairobi kwamba Garsen inatetemeka kila siku saa nne asubuhi, hakuona haja ya kumsikiliza Jibril, ambaye ni Mworma, mtu wa jamii ya wafugaji, na alisema hao ni ng'ombe wa kwao wanaoshuka mtoni kunywa maji. Wataalamu wakaja kwa magari mawili, na saa nne kamili wakapishana na ng'ombe.

Mwaka uliofuata chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilitutumia bure programu ya kompyuta iliyotungwa na walimu wake kwa ajili ya utafiti wa matetemeko. Ilikuja katika disketi sita na barua fupi: nakilini, wapeni wenzenu, na mkigundua jambo mtuambie. Bwana Gershom aliisoma kwa makini, akazifungia disketi kabatini na kuutia ufunguo mfukoni. Alisema ukarimu wa namna hiyo lazima ulindwe.

Tatizo ni kwamba kituo kimoja hujua tetemeko liko umbali gani tu. Ili kujua liko wapi, vituo vitatu lazima vipige hesabu pamoja. Basi siku disketi zilipotolewa ili programu iwekwe kwenye kompyuta, Jibril alizinakili. Akaongeza maelezo yake kuhusu saa za ng'ombe, kisha akapeleka nakala kwa Khadra wa kituo cha Madogo na kwa wenzetu wa Kipini.

Bwana Gershom alipopata habari alifungua kabati, akazikuta disketi zote sita, akafunga, kisha akanisomea nipige taipu barua ya kumwonya Jibril kwa kosa la kugawa mali ya ofisi. Jibril alimjibu mbele yangu, "Bwana, mimi sijamaliza kitu. Ya ofisi bado iko. Fungua kabati uone."

Jibu hilo lilimpatia barua ya pili, ya utovu wa adabu. Ya tatu ilisema kosa moja zaidi litamfukuzisha kazi, naye alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu. Aliisaini, akarudi kwenye mtambo kubadilisha karatasi. Niliona aibu kuwa mimi ndiye niliyeipiga.

Mafuriko ya El Nino mwishoni mwa 1997 hayakuomba idhini. Maji yaliingia hadi juu ya meza yakaiharibu kompyuta, na kabati halikuweza kufunguliwa kwa sababu ufunguo ulikuwa likizoni Mombasa pamoja na mwenyewe. Tulipolivunja, disketi zilikuwa zimelindwa barabara, ndani ya tope.

Kompyuta mpya ilipofika ikiwa tupu, nilipiga taipu barua yenye adabu kuliko zote katika utumishi wangu: Bwana Gershom akiiomba Madogo nakala. Khadra alitutumia siku hiyohiyo, pamoja na maelezo ya ng'ombe. Miezi michache baadaye vituo vitatu vilionyesha kwa mara ya kwanza tetemeko lilipotokea, na ramani ikaenda Nairobi ikiwa na jina la Bwana Gershom. Programu ikaenda kwenye kabati jipya.

Jibril hakutaka saa ya ukutani ambayo ofisi huwapa wastaafu. Aliomba zawadi moja: kituo kipya cha Nanighi kipewe nakala. Ombi lake linashughulikiwa tangu Januari.

Jibril, ahsante kwa kutufundisha kazi. Uzee wako uwe wa raha na ng'ombe wako wanywe wapendavyo, saa nne au saa yoyote. Wageni wetu wa Nanighi walio hapa leo watakuta bahasha yenye disketi sita chini ya viti vyao. Barua ya onyo nitajipigia mwenyewe. Ya ofisi bado iko, Bwana Gershom. Fungua kabati uone.