Mama Mapazia, Aliyegoma Kuwekwa Kundi Moja na Mdogo Wake

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa mzima, mafundi wenzake wa barabara ya vitambaa, na nyinyi mliomjua kwenye simu tu na leo ndiyo mara yenu ya kwanza kuiona nyumba yake, karibuni, na mliosimama nyuma sogeeni mbele, maana mama huyu hakupenda kabisa watu wakae mbali naye huku kuna mtu mwingine anaangaliwa. Familia imemkabidhi kazi ya kusoma historia hii shemeji yake, mdogo wa mume, kwanza kwa sababu ana sauti, pili kwa sababu ndiye aliyeshika ngazi kila pazia lilipotundikwa, kwa hiyo yaliyopita juu na yaliyopita chini yote anayo.

Mama Mapazia, jina alilopewa na wateja akalipenda kuliko la kuzaliwa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na kinu cha kusaga unga, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi vitanda vya chuma na mshona mashuka, na kwa miaka minne na ushee alibebwa peke yake, akaogeshwa peke yake, akasifiwa peke yake, mpaka tarehe 2 Juni 1965, mdogo wake wa kike alipoletwa nyumbani kutoka hospitali, ndipo dada mtu akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akawaambia wazazi wake, "Huyu mrudisheni, tulikuwa tunatosha." Hawakumrudisha, na mambo mengi mtakayoyasikia hapa yalianzia pale mlangoni.

Alisoma shule ya msingi tangu Januari 1968 hadi Desemba 1974, akawa hodari wa kuimba na wa hesabu za kugawanya, hasa akigawanya yeye, lakini nafasi ya sekondari hakuipata, na miaka minne baadaye mdogo wake akaipata, na sweta ya shule ya mdogo huyo aliifuma dada mtu kwa mkono wake, mkono mmoja wa sweta mrefu kuliko mwingine, na hadi mwisho wa maisha yake alishikilia kwamba sweta ilikuwa sawasawa, mkono wa mdogo wake ndio uliokuwa mfupi.

Kazi aliianza mwaka 1975 kwenye cherehani ya mama yake, ya kukanyaga kwa mguu, na tarehe 1 Oktoba 1984 akafungua duka lake mwenyewe, kati ya muuza misumari na kinyozi, akijikita katika mapazia mazito ya mikunjo, yale ambayo ukiyafunga saa sita mchana kuku wa uani wanapanda kulala, na yupo mteja, mhasibu wa kampuni ya maji, aliyetundikiwa mapazia hayo chumbani siku ya Ijumaa akaamka Jumatatu, akafika kazini akidai ni Jumamosi, na kama kuna anayebisha, mhasibu mwenyewe amekaa pale karibu na tanki, aulizwe baada ya mazishi.

Mwaka 1996 mdogo wake, akiwa amechoka na kazi ya ukarani, alikuja dukani kujifunza, na dada mtu akamfundisha kwa moyo mweupe, mkasi, mikunjo, pete, fimbo, kila kitu, mpaka mdogo alipopata mkono wake mwenyewe kwenye shela, yaani kile kitambaa chepesi kinachokaa nyuma ya pazia zito na kuruhusu mwanga, na wateja wakaanza kumwita Anti Shela, jina ambalo dada mtu hakulitamka kwa mwaka mzima. Wakavumiliana hadi Agosti 2009, siku alipoingia mteja, akampita mwenye duka kama anampita kabati, akauliza, "Yule dada mpole yupo?" Hapo ndipo palipochanika, kwani jioni ile ile Anti Shela alibeba cherehani yake, akavuka barabara, akafungua duka mkabala, mlango ukitazamana na mlango, na tangu siku hiyo Mama Mapazia akageuza meza yake ya kukatia ili akikata awe anaona nani anaingia kule.

Kwa upande wa ndoa, alifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1983 na fundi rangi, kaka yake msomaji wenu, mwanamume mtaratibu ambaye kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba kazi yake ilimwingiza kwenye nyumba za watu, na mkewe akisikia mwenye nyumba ni mwanamke anayeishi peke yake, alikuwa anafika na mapazia kabla rangi haijakauka, na ndiyo sababu kuna nyumba tatu mjini hapa ambazo pazia la sebuleni halijawahi kufunguka hadi leo, limegandana na ukuta. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1985, dereva wa lori, wa pili mwaka 1988, mwalimu, na wa mwisho mwaka 1993, binti, fundi simu, na huyu wa mwisho ndiye aliyemfungulia mama yake ukurasa wa mengine yote.

Ilikuwa Mei 2019, binti alipomwonyesha mama yake simu, na ndani ya simu Anti Shela yumo, anacheka, anakunja kitambaa, na maelfu ya watu wanamwangalia, na chini wameandika, "Hakuna kama wewe," na Mama Mapazia akalisoma lile neno mara mbili, akauliza, "Hakuna kama yeye, kwani mimi nimekufa?" Kabla ya chakula cha mchana alikuwa na chaneli yake, na tangu siku ile hadi mwisho alitaka jambo moja tu, kwamba mtu yeyote akiandika neno pazia kwenye mtandao ule wa video, wa kwanza kutokea awe yeye, na mdogo wake awe chini.

Sasa mtandao ule, kwa ambao hamuujui, haupokei video ovyoovyo, kwanza unakuuliza video yako ni ya kundi gani, Mapishi, Michezo, Elimu, Nyumba na Mapambo, kisha unakutaka ubandike tagi, yaani yale maneno madogo ambayo mtafutaji akiyaandika anakufikia, na binti alitaka kuweka Nyumba na Mapambo kama mtu yeyote mwenye akili zake, mama akamshika mkono, "Huyo mwenzako yupo kundi gani?" Binti akajibu kwamba mama mdogo yupo humo humo, na mama akasema, "Basi mimi siingii nyumba ambayo yeye ameshakaa." Wakaiweka Elimu, na wanafunzi waliokuwa wanatafuta hesabu wakapata pazia, mmoja akaandika, "Madam, jibu liko wapi?" Wakaiweka Michezo, kwa kuwa mama aliona ndilo kundi lenye watu wengi, na wapenzi wa mpira wakaja wengi kweli, wakaandika, "Mama, beki yako ya kushoto imelegea," na msidhani walikuwa wanatania tu, upande wa kushoto wa pazia lile ulikuwa umelegea kweli, akaufumua, akaurudia.

Alipoona makundi yanamkataa, wivu ukamfundisha njia ambayo hata binti hakuijua, akaanza kubandika jina la mdogo wake kwenye kila video yake, tagi juu ya tagi, "Anti Shela," "siyo Anti Shela," "mwalimu wa Anti Shela," "kabla ya Anti Shela," ili kila anayemtafuta mdogo amkute mkubwa amekaa mlangoni, lakini mashine ile haijui kejeli wala sifa, inaona neno limefanana tu, ikahesabu kwamba hawa wawili ni kitu kimoja, na kuanzia hapo kila aliyemaliza kumwangalia Mama Mapazia aliletewa Anti Shela chini yake, na kila aliyemaliza Anti Shela aliletewa Mama Mapazia, watu wakaamini ni kampuni moja, wakawa wanakuja barabarani kwetu wakiagiza pazia zito upande huu na shela upande ule, kwa sababu dirisha linataka vyote viwili, na dada mtu akawa anapokea kazi huku akinuna, "Mwambieni huyo mpole aharakishe, anachelewesha dirisha langu." Biashara ilipanda kwa wote wawili, ila kila ukiandika pazia, Anti Shela alitokea wa kwanza, na Mama Mapazia wa pili, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

Tarehe 21 Agosti 2023 alianguka dukani, akapelekwa hospitali, madaktari wakakuta moyo umepanuka, na Anti Shela alipomsikia daktari akisema umepanuka alilia sana, lakini mgonjwa mwenyewe akamwambia, "Wa kwangu unapanuka, wa kwako ulibaki mdogo siku zote." Akawa anatoka na kurudi wodini, na kila asubuhi binti alipofika na uji, swali la kwanza halikuwa la dawa, lilikuwa, "Andika pazia, nani wa kwanza?"

Asubuhi ya tarehe 16 Januari 2024 binti aliandika, na wa kwanza akawa Mama Mapazia. Wodi nzima ilijulishwa, wauguzi walijulishwa, mgonjwa wa kitanda cha jirani alijulishwa ingawa alikuwa ametoka kwenye upasuaji na alihitaji usingizi, na mama akala uji wote, kisha akataka kuonja ushindi vizuri, akaomba simu amwone mdogo wake akiwa wa pili, akashuka kwa kidole, wa pili siye, wa kumi siye, hayumo kabisa, na uso ukambadilika, akampigia palepale, simu ikiwa kwenye spika, tukasikia wote.

"Uko wapi wewe?"

"Niko dukani, dada."

"Sikuulizi mwili. Kwenye pazia uko wapi?"

Anti Shela akasema, "Nimezitoa tagi, dada. Zote. Nilitaka ufurahi."

"Nani amekuomba? Maisha yangu yote nakukimbiza, leo unakaa chini barabarani ili nikupite? Unanionea huruma mimi? Rudi ukae mahali pako, nikutoe mwenyewe!"

Anti Shela alifunga duka, akaja wodini, akakaa pembeni ya kitanda akirudisha tagi moja baada ya nyingine, huku dada yake akimsimamia kama enzi za mkasi, "Hiyo ya chumba cha kulala umeiruka, na hapo ongeza shela la dirisha dogo, watu wengi wana madirisha madogo, ndiyo maana nakwambia huna akili," na alikuwa anamrekebishia kwa dhati, hadi zikawa bora kuliko za mwanzo, na kesho yake Mama Mapazia akarudi kuwa wa pili, akatulia, akasema sasa ana kazi ya kufanya.

Kazi yenyewe aliifanya tarehe 30 Januari, akiwa amekalishwa kwenye mito, akaelekeza simu kwenye dirisha la wodi, akaeleza jinsi pazia lile lilivyotundikwa na mtu aliyekuwa na haraka, pete moja imerukwa, mkunjo umelala, na jinsi ya kulinyoosha bila kulishusha, huku msomaji wenu akiwa juu ya kiti akifanya anavyoamriwa, na binti alipouliza waiweke kundi gani, mama akasema, "Nyumba na Mapambo, hapo hapo alipo yeye, nimechoka kumchungulia kwa mbali." Tarehe 6 Februari 2024, saa tatu na nusu asubuhi, mdogo wake akiwa amemshika mkono, Mama Mapazia alifariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao pia walivumilia kufundishwa mapazia, inawashukuru majirani kwa maji, viti na turubai, inawashukuru mafundi wa barabara ya vitambaa waliofunga maduka yao yote leo, pamoja na yule mkabala.

Na kabla ya kuketi, msomaji ameombwa na Anti Shela, aliyekaa hapa mbele na hawezi kuongea, amwambie marehemu jambo moja kwa niaba yake. Tangu jana watu wanapeana ile video ya dirisha la wodi, na ukiandika pazia wa kwanza ni wewe, Mama Mapazia, wa pili ni Anti Shela, na tagi zake zote ziko mahali pake, hakuna hata moja aliyoitoa, unaweza kukagua. Anasema ameangalia leo asubuhi, amekuona juu yake, ameona wivu hadi ameshindwa kunywa chai, na anasema tukishamaliza msiba anafungua duka. Lala kwa amani, Mama Mapazia, ila mdogo wako anasema usijisahau.