Hodi za Ng'ambo ya Mto

Basi la Trenton lilikuwa likiondoka mzee mmoja alipojitupa kando ya Maureen na kuiona beji ya kampeni ya chama chao kifuani pake.

"Kumbe ni nyinyi! New Jersey ni jimbo letu la kushinda tukiwa usingizini, kura za urais mkaponea hapa chupuchupu?"

"Bei ya mayai iliwaudhi watu, mzee."

"Mayai gani! Kila Jumamosi mlivuka mto kuwabishia hodi wapiga kura wa Pennsylvania wanaoyumbayumba. Kwangu hakubisha hata paka, nikalala na kura yangu."

Maureen alikuwa amevuka Jumamosi tisa. "Basi leo nitabisha kwako."

"Mdomo tu huo, binti!"

Basi liliposimama kituoni kwa mzee, mvua ilikuwa ikimwagika, na basi lijalo lilikuwa baada ya saa nzima. Maureen akashuka nyuma yake.