Oloo na Papa

Mwololo, fundi wa mawe aliyeketi kando yake, alimaliza kumsomea Peres barua ndani ya basi la Ngong Road. Oloo, mume wa Peres, aliandika kwamba Jumatatu atapiga mbizi Malindi, awashikie papa nyama huku Mzungu akiwapiga picha za sinema.

“Mtu wa ziwa huyo, mama! Maji ndiyo kitanda chake.”

“Ndivyo alivyomdanganya Mzungu. Kwetu alivua maji yakiwa magotini. Hajui kuogelea.”

Mwololo akaacha kucheka. “Basi mpelekee huyo Mzungu telegramu.”

“Nimfukuzishe kazi mume wangu? Hatanisamehe, baba.”

“Papa je, watamsamehe?”

 Peres akafumba macho, akaomba.

Basi likasimama. “Posta! Nani anashuka?” utingo akaita. Mwololo akasogeza magoti, akampisha Peres.