Mzee Moshi na Bolti Zenye Bega

Tarehe thelathini mwezi huu, Mzee Moshi atavua ovaroli yake ya buluu kwa mara ya mwisho. Ameitumikia karakana yetu miaka thelathini na miwili, karibu yote kwenye banda la ekzosi, mabomba ya kutolea moshi wa gari, kule nyuma ya tangi la maji. Banda liliwekwa mbali kwa sababu ya kelele. Yeye akawekwa mbali pamoja nalo.

Wateja wengi hudhani bolti ni bolti. Mzee Moshi alikuwa akisema bolti ya kitanda haipelekwi motoni. Ekzosi huwaka, hutanuka na kutikisika, na bolti isiyohimili joto hulegea au huganda mpaka ikatwe. Kiungo cha mabomba chenye springi alikifunga kwa bolti zenye bega, yaani sehemu nene kabla ya meno, ili nati ikome pale na springi ipate nafasi ya kucheza. Nati aliianza kwa vidole viwili. Ikigoma, hakuilazimisha, alitafuta nyingine yenye meno yanayooana.

Mwaka mmoja alikuja baba na watoto wake wawili, akilalamika kwamba gari linanguruma. Akaongeza, kama mzaha, kwamba watoto wake wana bahati ya usingizi: wakipanda tu, wanalala, na wakiamka wanaumwa kichwa. Mzee Moshi hakucheka. Aliingia chini ya gari, akasogeza kiganja karibu na kiungo, akakuta moshi unavuja. Fundi wa kwingine alikuwa amebadilisha bomba, akafunga bolti za kawaida na springi akazitupa. Moshi ulikuwa unapenya hadi kiti cha nyuma, na sumu yake ndiyo iliyokuwa ikiwalaza watoto.

Bolti za kufaa hazikuwepo stoo siku ile. Baba akaomba zibanwe hizo hizo, angerudi wiki ijayo. Mzee Moshi akautia ufunguo wa gari mfukoni.

“Gari litabaki hapa,” alisema. “Watoto nitawapeleka mimi.”

Akawafikisha kwao, baba na watoto, kwa pikapu yake. Kesho yake alizunguka maduka ya vipuri akiwa na bolti moja ya mfano, akarudi na bolti za kufaa na springi zake saa za alasiri. Yule baba ni mteja wetu hadi leo, na watoto wake siku hizi hawasinzii; kelele zao ndani ya gari, anasema, zimeishinda ekzosi ya zamani.

Kazi hiyo imemharibia masikio. Yalififia polepole, naye hakumwambia mtu. Saa ya chai alikuwa akitutazama nyusoni, tukicheka naye anacheka, amechelewa kidogo. Mwenye kusimulia huchoka kurudia, na kichekesho kikirudiwa mara tatu hupoa kama chai yenyewe. Mwisho akaanza kubeba kikombe chake hadi bandani. Mkewe alipofariki, miaka sita iliyopita, tulikwenda wote kumzika, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Tangu hapo, kila asubuhi yeye alikuwa wa kwanza kufungua geti, na jioni wa mwisho kulifunga. Hakuna aliyemuuliza anawahi nini.

Wiki iliyopita msimamizi alimwandikia kwenye karatasi kumuuliza angependa zawadi gani. Sote tulitarajia aombe redio au kiti cha kupumzikia. Alisoma, akafuta mikono kwa kitambaa.

“Njooni kunisemesha,” alisema. “Nisiposikia, nitatazama midomo.”

Basi tumepanga zamu za kumtembelea, kuanzia wiki ya kwanza ya mwezi ujao, na mpishi wa kantini ametutangulia wote kujiandikisha.

Asante, Mzee Moshi, kwa kila gari lililofika salama na kwa kila mtoto aliyeamka. Uishi vema, kwa afya na wenzio karibu. Na anayekuja kwako, akipiga hodi asiitikiwe, asiondoke. Azunguke dirishani, apunge mkono.