Risala kwa Mwenye Ufunguo wa Ghala la Zamani

Mgeni rasmi, mlezi wetu mpendwa, karibu uketi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo usemi huo tunauchukua kama ulivyo, maana sisi tunaumwa na dawa unayo wewe.

HISTORIA FUPI

Sisi ni watu kumi na mmoja tunaoandika programu huria kwa kujitolea. Msimbo wetu, yaani maandishi yanayoiongoza kompyuta, uko wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuuchukua, kuutumia na kuurekebisha bure. Programu yetu, Kipimo, huwasaidia wauguzi kukokotoa dozi ya mtoto kwa uzito wake. Miaka tisa iliyopita, tulipotafuta ghala mtandaoni la kuhifadhi msimbo huo, simu yako peke yake ndiyo iliyokuwa na chaji. Ukafungua akaunti kwa jina lako. Tukakupigia makofi, tukakufanya mlezi, na kwa heshima hatukukuuliza nywila, lile neno la siri la kuingilia. Heshima hiyo imetutokea puani.

MAFANIKIO

Mwaka jana ghala lile lilipata mmiliki mpya, akamtaka kila mwenye akaunti awathibitishe wenzake. Hukututhibitisha. Tukafungiwa nje ya kazi ya mikono yetu, tukabaki kuichungulia tu.

Basi tukanakili kila kitu, tukahamia ghala jingine la mtandaoni. Kazi ilichukua wiki tatu, katibu wetu akiwa jikoni kwa mama mkwe wake, ambako mtandao hushika vizuri. Mama mkwe akauliza, "Mnahama vipi na vitu bado viko kule kule?" Katibu akamweleza kwamba kwenye mtandao ndivyo ilivyo. Mama akasema, "Basi baba, mmenakili. Hamjahama." Tangu siku hiyo yeye ndiye mshauri wetu mkuu wa ufundi, na hadi sasa hajakosea.

CHANGAMOTO

Watu bado wanakwenda kwenye ghala la zamani, na pale wanapakua toleo lenye kosa: mtoto akiwa chini ya kilo tano, linazidisha dozi mara kumi. Kosa ni letu, hatumsingizii mtu. Kwenye ghala jipya tumeshalirekebisha. Muuguzi aliyeketi kushoto kwako ndiye aliyeligundua, akatupigia simu: "Nyie, chupa nzima nimpe mtoto wa wiki mbili? Mna akili kweli?" Yeye ana miaka ishirini kazini. Aliyeajiriwa juzi ataiamini kompyuta. Zahanati tunazozijua tumezipigia simu zote. Tusizozijua ndizo zinazotutia hofu.

Tumekuandikia barua pepe kumi na nne. Umejibu moja, ile ya mwaliko huu, ndani ya dakika tatu, ukiuliza kama mpiga picha atakuwepo. Yupo pale mlangoni.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi ukumbi, fulana wala hotuba. Samahani pia, hakuna uzinduzi. Kitambaa kilicho mezani pako hakifuniki jiwe la msingi. Kinafunika kompyuta ya katibu, na ukurasa wa kuingia kwenye akaunti yako uko tayari. Andika nywila, ondoa toleo bovu, weka tangazo kwamba tumehama. Katibu atakuonyesha kila kitufe. Kama nywila umeisahau, sema umesahau, si aibu. Inabadilishwa kwa simu hiyo hiyo uliyoishika tangu tuanze kusoma. Tutasubiri. Tunaomba tu usituambie "nitalifanyia kazi", hasa mbele ya muuguzi.

Mwisho, Mungu akupe afya na umri mrefu, na amkuze salama mjukuu wako aliyezaliwa wiki iliyopita. Picha tumeziona, na uzito umeuandika mwenyewe: kilo tatu kasoro. Zahanati yake inatumia toleo lipi, hatujui.

Ni sisi, Wasuka Msimbo Huria.