Marlys Haapala, Aliyetufundisha Kuulizwa

Ijumaa ya tarehe 30 Mei 2025, saa kumi na moja jioni, Marlys Haapala atafunga droo ya dawati la mapokezi la Kliniki ya Ostby, hapa Duluth, na kukabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na siku kumi na moja za utumishi. Zile siku kumi na moja ameniagiza nisizisahau.

Alikuja Jumanne ya tarehe 19 Mei 1992 kushika nafasi ya mama aliyekwenda likizo ya uzazi. Tulimwajiri kwa wiki sita. Yule wa likizo hakurudi, na Marlys hakuondoka. Tangu hapo amehamisha majalada elfu tisa kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kompyuta bila kupoteza hata moja. Siku barabara zilipofungwa kwa theluji alifika kazini kwa ski, vile vibao vya kutelezea thelujini, akatukuta wote hatupo, akawapigia wagonjwa mmoja mmoja kuwaambia wabaki nyumbani. Keki zake za ndimu zimewatuliza watoto wengi baada ya sindano, na daktari mmoja baada ya ukaguzi wa kodi.

Lakini jambo ninalotaka likumbukwe ni la mwaka 2011, na halinipambi mimi.

Masika ya mwaka huo nilinunua mashine ya kukaza ngozi bila upasuaji. Kwa wasioijua, nieleze kidogo. Mashine hupeleka joto kwenye tabaka la ndani la ngozi, chini ya ile tunayoiona. Joto likiwa la kutosha, ngozi hujikaza taratibu kwa miezi kadhaa. Likipungua, mtu amelipia masaji. Likizidi, anaungua. Kati ya kutosha na kuzidi pana nafasi ndogo sana, na anayeijua nafasi hiyo ni mkono uliozoea, pamoja na mgonjwa anayesema ukweli kuhusu anavyosikia.

Mimi ni daktari wa familia. Nilisomea mashine ile kwa siku mbili, kwenye ukumbi wa hoteli, nikifundishwa na watu walioniuzia. Jumatatu nilitundika cheti ukutani.

Wiki ya pili akapiga simu Bev Torvinen, dereva wa basi la shule, ambaye humu mjini hakuna asiyemjua. Alikuwa amepungua kilo thelathini kwa juhudi zake mwenyewe, ngozi ya shingo na taya ikabaki imelegea, na binti yake alikuwa anaolewa baada ya miezi mitatu. Bev alitaka kusimama kwenye picha zile bila kujifunga skafu. Nilikuwa nyuma ya mlango na kikombe cha kahawa, na simu ilikuwa kwenye spika kwa kuwa Marlys alikuwa anabandika lebo kwa mikono miwili.

“Niandikie Alhamisi,” alisema Bev. “Gari naegesha nyuma?”

“Nyuma, ndiyo. Bev, hilo ndilo swali lako pekee?”

“Kwani kuna lingine?”

“Muulize daktari hiyo kazi ameifanya mara ngapi.”

“Wee! Nimuulize daktari hivyo, atanionaje?”

“Basi niulize mimi. Mimi siogopi kuonwa vibaya, nimeshazoea.”

Bev akacheka. “Haya, bibi mkubwa. Ameifanya mara ngapi?”

“Mara mbili. Mara ya kwanza hotelini mbele ya mwalimu, mara ya pili kwa mkewe.”

Kisha Bev akauliza, “Mkewe anasemaje?”

“Anasema siyo mbaya.”

“Mungu wangu,” alisema Bev. “Mbaya kiasi hicho?”

Watu wa huku hatulalamiki. Mtu akivunjika mguu husema unamsumbua kidogo. Marlys alilijua hilo kuliko mimi niliyesomea maumivu ya watu. Akamtajia Bev madaktari watatu wa ngozi wa Minneapolis, akampa na maswali ya kuwapelekea. Nani hasa atakayeshika mashine, na leseni yake ukiitafuta kwenye orodha ya bodi ya jimbo inaonekana? Daktari atakuwa ndani ya jengo, au jina lake liko mlangoni tu? Ameshahudumia ngozi ya rangi na umri kama wako? Picha anazokuonyesha ni za wagonjwa wake, au zimekuja pamoja na mashine? Ukiungua, utampigia nani, na atapokea? “Na akikukasirikia kwa kuuliza,” alimalizia, “vaa koti lako uondoke. Hata kama ni wa kwetu.”

Nilimwita ofisini. Nilimwambia amenivunjia heshima, kwamba hajui lolote kuhusu tiba, na kwamba nafikiria kumwachisha kazi.

“Sawa, Daktari,” alisema. “Ila nifukuze baada ya chakula cha mchana. Nina viazi na nyama kwenye oveni ya jikoni, na vinatosha watu wote.”

Sikumfukuza mchana ule, na hasira zangu nikarudi nazo nyumbani. Nilimsimulia mke wangu Ingrid, nikitarajia aniunge mkono. Akainuka, akashusha kola ya sweta. Chini ya sikio palikuwa na alama ya lengelenge, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Alikuwa ameificha kwa siku tisa.

“Mbona hukuniambia?”

“Ulikuwa umefurahi sana, Roger.”

Kesho yake nilikishusha cheti kile ukutani na kuifunika mashine kwa shuka. Kwa miezi kumi na moja, kila Alhamisi, niliendesha gari hadi Minneapolis kusimama nyuma ya daktari bingwa wa ngozi, kwanza nikitazama, kisha nikifanya huku yeye akinitazama. Marlys alipanga wagonjwa wangu wote kwenye siku nne.

Bev hakwenda Minneapolis. Alisema atanisubiri. Alikwenda harusini na shingo yake vile ilivyokuwa, skafu akaiacha ndani ya gari, akacheza ngoma ya polka hadi viatu vikamshinda. Mwaka uliofuata alikuja, akauliza maswali yote, kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri. Marlys alikaa pembeni ya kitanda. Nilipouliza joto likoje, Bev akajibu, “Siyo mbaya.”

“Bev,” alisema Marlys, “mwambie kama unavyomwambia mumeo, siyo kama unavyomwambia mchungaji. Sifuri hadi kumi.”

“Saba. Saba na nusu, jamani!”

Nikaondoa mkono, nikapunguza. Baada ya miezi minne taya lilikuwa limekaza; si kama la msichana, na Marlys alikuwa ameshamwonya hivyo tangu mwanzo. Bev alisema linamtosha. Tangu siku ile hakuna anayelala kwenye kitanda kile bila kutaja namba, wala hakuna anayepewa miadi kabla hajauliza. Wengine tumewaelekeza kwingine, na wamekuja kutushukuru.

Nilimpa Marlys rasimu ya wasifu huu aisahihishe. Aliirudisha na sentensi moja kwa kalamu nyekundu: “Hujasema umefanya mara ngapi, na umeunguza wangapi. Wageni wataona haya kuuliza.”

Mara elfu moja mia nne na kumi na mbili, hadi juzi. Nimeunguza wanne, tukimhesabu Ingrid.

Asante, Marlys. Wewe na mumeo Arvo mwende salama kwenye nyumba yenu ya ziwani, sauna iwake, samaki wale chambo, na miaka iliyo mbele iwe mirefu na myepesi. Sisi sote wa Kliniki ya Ostby tunakutakia mema yote.

Dk. Roger Ostby